Saintpaulia Inaishi Mwambani: Makao, Utambuzi na Uzalishaji Wake

Saintpaulia haitafutwi ardhini. Anayeingia msitu wa Amani, huko Usambara Mashariki nchini Tanzania, akakagua udongo kando ya njia anaweza kutembea kutwa nzima asiione, kumbe ipo hatua chache pembeni, imeshikilia ubavu wa jiwe kubwa lililo kivulini. Huu ndio mmea ambao chotara zake zinauzwa vyunguni dunia nzima kwa jina la violeti ya Afrika. Kwa ukoo hauna uhusiano na violeti za Ulaya. Umo katika familia ya Gesneriaceae, na jamaa zake wa karibu ni Streptocarpus, hata tangu 2015 wataalamu wa uainishaji wameuingiza ndani ya jenasi hiyo, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu. Hapa natumia jina la zamani kwa sababu ndilo linalotumiwa na wengi wanaoupanda na kuulinda.

Makao yake ya asili yako Tanzania na Kenya tu. Yapo kwenye Milima ya Tao la Mashariki, hasa Usambara Mashariki na Magharibi, Nguru na Uluguru, kisha Mbololo katika vilima vya Taita. Yapo pia maeneo ya pwani: mawe ya chokaa karibu na Tanga, mabonde ya miamba upande wa Kilifi, na kisiwa cha Mafia. Mimea iliyo karibu na Tanga inaota mita chache tu juu ya usawa wa bahari, wakati Saintpaulia shumensis (kwa kifupi S. shumensis) ya Usambara Magharibi iko juu kabisa kwenye baridi ya milimani. Ukitazama ramani utadhani mmea umeenea sana. Ukienda mahali penyewe utakuta kundi lote liko kwenye jabali moja, na jabali linalofuata lenye mimea liko kilomita kadhaa mbele.

Ndiyo maana nashikilia jambo moja katika makala hii: kuihifadhi Saintpaulia ni kuhifadhi kivuli na unyevu wa jiwe moja moja. Kuizalisha bustanini ni rahisi mno, na urahisi huo umewafanya wengi waamini kwamba ua hili liko salama.

Mwamba wenyewe

Sehemu kubwa ya Usambara ni naisi, mwamba mgumu wa kale sana. Chini karibu na Tanga, kuelekea Mto Zigi na mapango ya Amboni, kuna mawe ya chokaa. Saintpaulia inaota kwenye yote mawili, kwa hiyo kinachoamua si aina ya mwamba bali hali ya uso wake.

Uso unaoifaa umesimama wima au umeinama sana. Una nyufa, na umefunikwa na vigoga, ile mimea midogo ya kijani inayotanda juu ya mawe mabichi kama zulia. Katikati ya vigoga hivyo kuna mboji ya majani yaliyooza, mara nyingi isiyozidi unene wa sentimita moja au mbili, na humo ndimo mizizi yote ilimo. Mizizi ya Saintpaulia ni myembamba, inakwenda pembeni zaidi kuliko chini, na inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Juu ya jabali lililoinama maji ya mvua yanapita, yanalowesha, yanaondoka. Kwenye ardhi tambarare yangetuama, na mizizi ingeoza.

Ipo sababu ya pili ya kuchagua jiwe. Sakafu ya msitu inapokea majani makavu mwaka mzima, na mmea ambao majani yake yote yametandazwa chini kwa duara ungefunikwa. Mimea mirefu nayo ingeupita na kuuzibia mwanga. Kwenye ubavu wa jiwe majani makavu yanateleza na kuanguka, na mimea mirefu haipati udongo wa kuishikilia. Saintpaulia imekubali makao magumu ili isibanwe na majirani.

Kivuli chake si giza. Ni mwanga uliochujwa na matabaka mawili matatu ya miti, pamoja na mabaka ya jua yanayopita kwa dakika chache. Amani inapata mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka, masika ikiwa kubwa na vuli ikifuata, na kati yake kuna ukungu unaotoka na upepo wa Bahari ya Hindi. Hata hivyo kiangazi kipo. Wakati huo majani hulegea na kujikunja, mmea unaonekana umekufa, na mvua chache tu zinaurudisha. Uvumilivu huo una sharti lake: vigoga vinavyoshika umande viwepo, na jiwe lisipigwe na jua la mchana. Jiwe lililopigwa jua saa nne mfululizo linakuwa na joto ambalo mizizi ya sentimita moja haina pa kulikimbia.

Ukitaka kulisoma jabali, anza na upande usiopata jua la saa sita, hasa ule unaotazama kijito. Tazama chini ya vibanda vya mawe, pale jiwe la juu linapochomoza, kwa sababu mvua kubwa haizoi miche midogo hapo. Chukua kurunzi, rangi ya kijani ya majani yenye manyoya inaonekana vizuri zaidi kwa mwanga wa ubavuni. Majirani wake pia ni dalili nzuri: makangaga madogo, begonia, Impatiens, na vigoga vinene. Ukikuta jiwe limefunikwa na kuvumwani tu, yaani yale magamba makavu ya kijivu yanayoganda juu ya mawe, bila vigoga, endelea na safari. Hapo ni pakavu mno.

Kuijua ipi ni ipi

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, na si kosa lao. Mimea ya kwanza kufika Kew, bustani ya mimea ya kifalme huko London, ilitoka kwa wakusanyaji John Kirk mwaka 1884 na W. E. Taylor mwaka 1887, lakini vielelezo havikutosha kuelezea spishi mpya. Baadaye Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alimpelekea baba yake huko Ujerumani mimea hii, na mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akaipa jina Saintpaulia ionantha. Taarifa zake za mwanzo zinataja sehemu mbili tofauti: nyufa za mawe ya chokaa karibu na Tanga, na miamba yenye kivuli juu kwenye msitu wa Usambara. Ina maana tangu siku ya kwanza jina moja lilibeba mimea ya makao mawili.

Katikati ya karne ya 20 mtaalamu wa mimea B. L. Burtt na wengine walizitenganisha spishi zikafika karibu 20, nyingi zikipewa majina ya mahali zilipopatikana: amaniensis, magungensis, tongwensis, shumensis. Mwaka 2006 uainishaji mpya wa mtaalamu wa mimea Iain Darbyshire ulizibakiza spishi sita, na nyingi za zamani zikawa nususpishi, yaani migawanyo ya ndani, ya S. ionantha. Naona uamuzi huo ni sahihi kwa mtu anayefanya kazi porini, kwa sababu mimea ya Usambara inazaliana yenyewe kwa yenyewe kwa urahisi na mipaka yake haiko wazi. Lakini jina kuunganishwa hakuzifanyi jamii hizo kuwa kitu kimoja. Kundi la jabali hili linaweza kubeba tabia ambazo hazipo kwa kundi la mlima wa pili, na likipotea haliwezi kurudishwa kwa kuleta mmea wa kwingine.

Alama ya kwanza ya kutazama ni umbo. Nyingine zinakaa duara moja la majani lililobana. Nyingine, kama grotei na pendula, zina shina refu linalotambaa au kuning'inia, zikiweka vichipukizi njiani. Kisha tazama manyoya ya jani kwa lenzi ya kukuza mara kumi, jani likiwa limeinuliwa usawa wa jicho ili mwanga uje kwa ubavu. Je, manyoya yote ni marefu na yamesimama? Yamelala? Au kuna marefu na mafupi yaliyochanganyika? S. shumensis ina manyoya magumu yaliyosimama juu ya majani madogo ya mviringo. Jani la nitida linang'aa. La velutina linagusika laini kama jina lake linavyodai. Geuza jani uangalie rangi ya chini, maana nyingine ni kijani hafifu na nyingine zambarau. Mwisho angalia kifuko cha mbegu: kirefu chembamba, au kifupi kinene. Rangi ya ua ndiyo alama dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo ambayo kila mgeni anaanza nayo.

Nyuki mmoja na mlio wake

Ua la Saintpaulia linaonekana lina ukarimu, lakini halina asali. Lina stameni mbili tu, yaani viungo vya kiume, zenye vifuko vya chavua vya manjano mbivu, na vifuko hivyo havimwagi chavua hovyo. Vinafunguka kwa tundu dogo, na chavua hutoka pale nyuki anapokishika kifuko na kukitetemesha kwa misuli ya kifua chake. Mlio unasikika ukiwa karibu. Nyuki wa asali wa kawaida hawezi kazi hii. Wanaoiweza ni kama Amegilla, wale nyuki wapweke wenye mistari tumboni, ambao huko Taita wameonekana wakilitembelea ua hili.

Mrija wa kike nao umepinda pembeni, maua mengine kushoto na mengine kulia, ukiwa upande wa pili kutoka kwenye vifuko vya chavua. Nyuki anayepakwa chavua ubavu mmoja kwenye ua la aina moja anaigusisha kwenye mrija wa ua la aina ya pili. Amegilla wanachimba viota kwenye kingo za udongo mkavu, si kwenye jabali. Kwa hiyo kulizungushia jiwe uzio, huku shamba linalolizunguka likipuliziwa dawa ya wadudu, kunaweza kulinda mmea na kuua mbegu zake.

Mbegu zenyewe ni ndogo kama vumbi na zina akiba ndogo sana ya chakula. Zinapaswa kutua juu ya uso mbichi wenye mwanga kiasi, na huko porini uso huo ni vigoga. Ndiyo maana vigoga vikikauka mimea mikubwa inaweza kuendelea kwa miaka huku hakuna mche hata mmoja chini yake.

Kinachoiharibu

Usambara Mashariki imepandwa chai, na chini ya miti ya msitu watu wamelima iliki kwa muda mrefu. Iliki inahitaji kivuli, kwa hiyo kwa mbali shamba linaonekana bado ni msitu. Lakini mkulima hufyeka tabaka la chini lote na kupunguza miti, na miti michanga ambayo ingechukua nafasi ya mikubwa inaondoka pamoja na magugu. Miti mikubwa ikianguka baadaye, pengo linabaki wazi. Majabali hayalimwi, hivyo Saintpaulia hubaki juu yake katikati ya shamba, ikaonekana imenusurika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo wa dhahabu walimiminika kwenye vijito vya Usambara Mashariki, na kingo za vijito ndipo hasa mawe mabichi yalipo. Kugeuza mawe na kuchafua maji kwa tope ni kuharibu makao hayo moja kwa moja.

Mti wa Maesopsis eminii, ulioletwa Amani kwa ajili ya kupandwa, umejisambaza kwenye mapengo yaliyoachwa na uvunaji wa magogo, mbegu zake zikibebwa na hondohondo. Mwavuli wake ni mwepesi kuliko wa miti ya asili. Sioni busara ya kuikata yote kwa mpigo pale inapolikinga jabali lenye mimea: kivuli hafifu ni bora kuliko jua kali. Panda kwanza miti ya asili, kama msambu (Allanblackia stuhlmannii) na jamii nyingine za eneo lile, uisubiri ifike juu ya jabali, ndipo uipunguze Maesopsis mmoja mmoja. Mshai (Albizia) unakua haraka zaidi na unaweza kutangulia. Panda upande jua linapotokea mchana, na usichimbe karibu na mguu wa jiwe, kwa sababu mizizi ya mche mpya si tatizo bali udongo unaochimbuliwa na kuporomokea chini.

Kuhesabu kundi

Amani ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 1997, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kung'oa mimea humo hakuruhusiwi. Utafiti una vibali vyake, kuanzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Lakini kuhesabu na kupiga picha kwa mpangilio, ukiwa umeruhusiwa kuingia, ni kazi ambayo mwongozaji wa eneo au kikundi cha kijiji kinaweza kuifanya vizuri kuliko mgeni yeyote, kwa sababu wao watarudi mwaka ujao.

Tenganisha makundi matatu: miche yenye upana chini ya sentimita 3, mimea isiyo na maua wala vifuko, na mimea iliyochanua au yenye vifuko. Jumla peke yake haikwambii chochote. Kundi la mimea mikubwa 80 bila mche lina hali mbaya kuliko kundi la mimea 30 lenye miche 40. Kwa zile zinazotambaa usihesabu vichipukizi vya shina moja kuwa mimea tofauti. Fuata shina hadi mwanzo wake. Piga picha ya jabali zima ukiwa umesimama mahali palepale kila mara, halafu picha za duara la majani, manyoya, chini ya jani, ua kwa mbele na kwa ubavu, na kifuko. Andika mwelekeo wa uso wa jiwe, umbali hadi kwenye maji, na kama vigoga ni vibichi au vimekauka. Alama za mahali zibaki kwenye daftari na kwa watunza hifadhi. Ukiziweka mtandaoni na ramani yake, wakusanyaji watafika kabla yako.

Usipande juu ya jiwe. Kiatu kimoja kinabandua vigoga vya miaka mingi, na miche iliyokuwemo inashuka navyo.

Kuizalisha

Jani moja linatosha kutoa mimea kadhaa, na hapo ndipo penye mtego. Mimea yote itokayo kwenye jani hilo ni nakala moja. Kitalu chenye vyungu 200 kutoka mmea mmoja hakijahifadhi kundi, kimehifadhi mmea mmoja. Kwa kazi ya uhifadhi yenye kibali, chukua jani moja moja kutoka mimea mingi ya jabali lilelile, au vifuko vichache vilivyokomaa, na uweke lebo ya mahali kwenye kila chungu. Jabali moja, meza moja. Mimea ya ionantha inachanganyika kirahisi, na nyuki wa kitaluni hasomi lebo.

Jani zuri si la nje kabisa lililozeeka, wala la katikati changa. Likate na kikonyo cha sentimita 3 hadi 4, ncha ikiwa mshazari wa digrii 45. Lichomeke kina cha sentimita moja na nusu katika mchanganyiko mwepesi: sehemu moja ya mboji iliyochekechwa na sehemu moja ya mchanga mnene uliooshwa, au pelaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto) ikiwepo. Lowesha, acha maji yachuruzike, funika kwa mfuko mng'avu wenye tundu, weka penye mwanga usio na jua. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 au 4, na miche huonekana baada ya wiki 8 au zaidi. Itenganishe ikiwa na majani manne, kila mmoja peke yake. Kikonyo kikiwa cheusi na laini, mchanganyiko ulikuwa na maji mengi. Ukikata juu ya sehemu iliyooza kuna nafasi ya kuanza upya.

Kwa mbegu, usizifukie. Zinyunyize juu ya mboji laini iliyoloweshwa kutoka chini, funika kwa kioo, na subiri wiki 2 hadi 4. Kifuko chenyewe huchukua miezi kadhaa kukomaa tangu ua lichavushwe, kwa hiyo kifuko cha kijani kilichokatwa mapema ni hasara tupu.

Mimea mikubwa inapenda joto la nyuzi 18 hadi 24 na udongo wenye asidi kidogo, pH karibu 6, ingawa ile ya mawe ya chokaa inavumilia zaidi ya hapo. Chungu kiwe kidogo, upana wake theluthi moja ya upana wa majani. Chungu kikubwa kinashika maji ambayo mizizi haiyamalizi, na mmea unaozea katikati huku majani ya nje bado yanaonekana mazima. Maji yawe na joto la chumba. Maji baridi yakidondokea jani lenye joto huua chembe zilizo chini ya ngozi yake, na madoa ya manjano au meupe yanayotokea hayaondoki. Wengi huyachukulia kuwa ni ugonjwa na kupulizia dawa.

Vidung'ata, wale wadudu wadogo wenye unga mweupe, hujificha kwenye mapindo ya vikonyo na mizizini. Brashi ndogo yenye spiriti inatosha wakiwa wachache. Kibaya zaidi ni utitiri unaoshambulia katikati ya mmea, usioonekana kwa macho. Majani mapya yanatoka madogo, magumu, yamekunjamana, yamejaa manyoya kupita kiasi. Mmea wa namna hiyo utoe kitaluni siku hiyo hiyo, na nawa mikono kabla ya kugusa mwingine. Usipelekwe karibu na msitu kamwe, na hali kadhalika chotara wa dukani, hata akiwa mzima: chavua yake ikifika jabalini, mbegu za kundi la asili hazitakuwa za kundi hilo tena.